Msahafu uliochakaa Nairobi: uuzike, uuchome au uupeleke msikitini?

Shaabani ikiingia, nyumba nyingi za Waislamu jijini hufagiliwa hadi pembe zilizosahauliwa, na juu ya kabati hukutwa mfuko ule ule: msahafu uliobanduka jalada, juzuu Amma mbili tatu zilizomalizwa na vidole vya watoto, Yasini zilizogawiwa kwenye hitima, kalenda za msikiti za miaka iliyopita. Hakuna anayethubutu kuzitupa. Mama mwenye nyumba anaupangusa mfuko vumbi, anasema "tutamuuliza maalim," kisha unarudi juu ya kabati kungoja Shaabani nyingine.

Njia za kuusitiri msahafu uliochakaa zipo, na wanazuoni wamezijadili kwa zaidi ya miaka elfu. Kinachotutatiza Nairobi ni ardhi na nafasi. Waliotunga vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, walimfikiria mtu mwenye ua, shamba, au mto wa maji safi karibu naye. Mpangaji wa ghorofa ya tano Pipeline hana hata kimoja kati ya hivyo; ana roshani ya kuanikia nguo na ndoo mbili. Kwa hiyo hapa nazipima njia zote kwa swali moja: je, wewe mwenyewe unaweza kuisimamia hadi mwisho, pasibaki neno linaloweza kukanyagwa? Kwa maoni yangu, njia inayosifiwa sana vitabuni, ukiiacha katikati, ni mbaya kuliko ile ya daraja ya chini uliyoikamilisha.

Je, umechakaa kweli?

Misahafu mingi inayoitwa mibovu ni mizima. Ule wa Madina wenye kurasa 604, ambao mahujaji huja nao kwa wingi, kwa kawaida huharibika mgongo kabla ya karatasi: gundi inaachia, kurasa za mwanzo na za mwisho zinachomoka, katikati pako safi. Mafundi wa kujalidi vitabu wapo katika vichochoro vya River Road, jirani na wachapishaji, na kutia mgongo mpya si kazi kubwa kwao. Mweleze fundi mapema kwamba kitabu hiki hakiwekwi chini, hakikaliwi, na kwamba hakuna kipande cha karatasi yake kinachotupwa. Vipande akuwekee kwenye bahasha.

Hata uliopoteza juzuu kadhaa haujaisha kazi. Mwalimu wa duksi (chuo cha Qurani cha Wasomali) Eastleigh au wa madrasa Majengo anaweza kuwapa wanafunzi wanaohifadhi sehemu iliyobaki. Muulize kwanza, maana kabati zao nazo zimejaa, na kumpelekea kitabu kisichosomeka ukakiita sadaka ni kumtwisha mzigo wako.

Tarjuma zenye Kiarabu kando ya Kiswahili zinafuata mkondo huo huo. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitolewa na Islamic Foundation hapa hapa Nairobi mwaka 1969. Ukiwa na nakala ya miaka hiyo, tafadhali ijalidi na uiweke; hiyo ni kumbukumbu ya mji wetu pia.

Kuzika

Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi ndio walioieleza njia hii kwa undani zaidi, na wa Hanbali nao wameikubali. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, anaeleza kwamba msahafu usiosomeka tena huvikwa kitambaa safi na kuzikwa mahali pasipokanyagwa. Shimo lake lichimbiwe mwanandani kama la maiti, udongo usimwagike juu yake moja kwa moja. Au lipigwe dari kwanza, ndipo lifukiwe. Familia nyingi za Nairobi zenye asili ya Pakistan na India, ambazo ni Hanafi, zimekulia katika desturi hii. Mashia Ithnaashari nao huzika au kuzamisha, hawachomi.

Uzuri wa kuzika ni kwamba hakuna atakayekuelewa vibaya. Jirani akikuona unafukia kifurushi cheupe chini ya mwembe hawezi kusema unakitusi kitabu. Kazi ni ndogo pia: kipande cha bafta, jembe, saa moja.

Ubaya wake ni Nairobi yenyewe. Udongo mweusi wa pamba wa South C, Embakasi na sehemu kubwa ya mashariki ya jiji huvimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Shimo la futi moja halitoshi hata kidogo. Mvua kubwa kama zile za Aprili na Mei 2024 zinaweza kukirudisha juu ulichokizika. Chimba hadi kiuno, na kwenye kinyanyuko, mbali na mtaro. Wenye udongo mwekundu wa Parklands na kwingineko magharibi wana nafuu.

Kuna na jambo ambalo watu hawalifikirii. Nairobi hubomolewa na kujengwa upya bila kuchoka. Nyumba za bustani za Eastleigh ziligeuka maduka ya ghorofa, na za Parklands na South B zinaendelea kugeuka fleti. Trekta la kuchimba msingi halisomi. Ukizika katika ua wa nyumba ya kupanga, umeuacha msahafu mikononi mwa landilodi na kontrakta wake wa kesho. Kama unataka kuzika, basi ni katika ardhi ya familia isiyouzwa, au makaburini kwa idhini. Kwa Nairobi hiyo maana yake ni Kariokor au sehemu ya Waislamu ya Lang'ata, na ni lazima uzungumze na wasimamizi wakuonyeshe pembe isiyopitwa na watu. Usiende na jembe lako jioni kimyakimya. Utahojiwa unachimbia nini, na watakuwa na haki.

Wengi huona rahisi kusubiri safari ya nyumbani, iwe Garissa, Mumias au Malindi. Ni uamuzi mzuri. Ila kifurushi kisafiri nawe ndani ya basi, juu ya mapaja au kwenye rafu ya juu, kisiingizwe buti chini ya makreti na magunia. Na uzike kwa kitambaa kitupu. Mbali na kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, plastiki huizuia ardhi kufanya kazi yake, na maneno yatakaa yanasomeka miaka na miaka.

Kuchoma

Hii ndiyo njia yenye ushahidi mkubwa zaidi, na ndiyo inayoogopwa zaidi. Katika Sahihi ya Bukhari, Anas bin Malik anasimulia jinsi Hudhayfa bin al-Yaman alivyorudi kutoka vitani Armenia na Azerbaijan akiwa na hofu juu ya watu kuhitilafiana katika kisomo. Khalifa Uthman bin Affan akaazima kurasa zilizokuwa kwa Bi Hafsa, mjane wa Mtume, akamweka Zayd bin Thabit na Makureshi watatu wazinakili, akapeleka nakala katika miji, na akaamuru maandishi mengine ya Qurani yachomwe. Hiyo ni karibu mwaka 650, na masahaba walikuwa hai.

Hata hivyo wanazuoni wa Kishafi, ambao Waswahili na Wasomali wengi wa Nairobi wanawafuata, hawakukubaliana mara moja. Suyuti, mwanachuoni wa Misri, anataja kwamba Kadhi Husayn alikataza kuchoma kwa kuwa ni kinyume cha heshima, na Nawawi aliona ni makuruhu (lachukiza, ila si haramu), ilhali wengine waliruhusu kwa hoja ya kitendo cha Uthman. Vitabu vya baadaye vya madhehebu viliishia hapa: kuchoma kilichoandikwa Qurani ni makuruhu, isipokuwa kwa lengo kama la kukihifadhi kisidhalilike. Kwa hiyo anayechoma ili karatasi zisiishie jaa la Dandora ana mahali pa kusimama. Anayechoma kwa uvivu, pamoja na takataka za jikoni, hana.

Kiutendaji, moto ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Msahafu mzima ukiutia motoni umefungwa, utaungua kingo tu. Katikati mtabaki tofali la kurasa za hudhurungi zinazosomeka vizuri kabisa. Nimeona mapipa ya namna hiyo yakiachwa yapoe na watu wakaenda zao. Bandua jalada kwanza, maana lile la plastiki hutoa moshi mweusi na harufu mbaya. Tenganisha kurasa, zitie chache chache katika bati au pipa safi lililotobolewa chini ili hewa ipite, na usiondoke. Siku ya upepo iahirishe, kwa sababu karatasi iliyoshika moto nusu hupaa na kutua usipopajua. Jiko la nyama choma halifai, na shimo la taka halifai. Moto ukizima, ponda majivu kwa kijiti, yamwagie maji, kisha yafukie penye mti. Majivu nayo yana haki yake, kama maji ya kuoshea: Suyuti anasema baadhi ya wanazuoni walipendelea kuchoma kuliko kuosha kwa maji kwa hofu kwamba maji hayo yatadondoka chini.

Sasa majirani. Katika ploti ya vyumba kumi na viwili, moshi ni habari ya wote. Mtu akichungulia akaona herufi za Kiarabu zikiungua, hatauliza madhehebu yako, atapiga picha. Februari 2012, misahafu iliyochomwa katika kambi ya jeshi la Marekani ya Bagram, Afghanistan, ilizua ghasia zilizoua watu. Walioshika moto pale hawakuwa Waislamu wenye nia ya kusitiri, lakini picha ya simu haionyeshi nia. Sheria yetu inatazama nia: kifungu cha 134 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu kuharibu kitu kinachotukuzwa kwa lengo la kuitusi dini, na wewe huna lengo hilo. Lakini kujieleza mbele ya umati si sawa na kujieleza mahakamani. Choma mchana, ndani ya ua wa msikiti au wa madrasa, na watu wazima wawili watatu wanaojulikana mtaani wakiwa hapo.

Maji

Njia hii imesahauliwa, na naona ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa fleti. Wala si ngeni kwetu. Mtoto wa duksi huandika somo lake juu ya lohi ya mbao kwa wino wa mkaa, akishahifadhi huliosha, na maji yake humwagwa mahali safi. Kombe la pwani, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, huoshwa vivyo hivyo. Suyuti anaitaja: karatasi zikichakaa, ziruhusiwe kuoshwa kwa maji.

Tatizo ni kwamba wino wa kiwanda hautoki. Karatasi lakini inalainika. Chukua ndoo safi isiyotumika chooni wala kudeki, chana kurasa kwa mkono vipande vidogo ndani ya maji, ziache siku kadhaa ukizikoroga, kisha zifikiche mpaka ziwe rojo lisilo na herufi hata moja. Rojo hilo lipeleke chini ya mti, au lifukie kwenye kiroba cha mboga chenye udongo. Kamwe usilimwage kwenye sinki au chooni. Njia hii haina moshi, haina shimo, na haina haja ya ruhusa ya mtu.

Kuna pingamizi la haki: Suyuti mwenyewe amekataza kuchanachana kurasa, kwa kuwa herufi hukatika na maneno hutawanyika. Ndiyo maana nasema uchane ndani ya maji, na usisimame njiani. Vipande vikavu vilivyoachwa kwenye ndoo ndilo hasa jambo lililokatazwa.

Ina mipaka pia. Ni ya Yasini, juzuu na kurasa zilizochomoka. Msahafu mzima wa kurasa 604 utakuchosha kabla ya Aal Imran, sura ya tatu, na karatasi ya kalenda inayong'aa haitaki kulainika.

Kuhusu mito, neno moja tu. Vitabu vya Hanafi vinaruhusu kuzamisha katika maji yanayotiririka kwa uzito wa jiwe. Mto Nairobi, Mathare na Ngong inabeba majitaka ya jiji. Anayetia msahafu humo ameutia chooni, hata kama alisoma Bismillahi.

Mashine ya ofisi na wanunuzi wa karatasi

Mashine ya kukata karatasi inayotoa nyuzi ndefu haifai peke yake. Chapa ya msahafu mdogo ni nyembamba, na jina la Mwenyezi Mungu linaenea zima ndani ya uzi mmoja. Inayokata chembechembe inakubalika kwa wanazuoni kadhaa wa zama hizi, kwa sharti kwamba hakuna neno linalobaki. Mimi ningeitumia kama hatua ya kwanza tu, kisha chembe hizo zitiwe maji au moto.

Usiwauzie wala kuwapa bure wanaokusanya karatasi. Karatasi taka za jiji nyingi huenda viwandani kugeuzwa tishu, pamoja na zile za chooni. Nyingine hata huko hazifiki, zinafungia njugu karanga na viazi karai barabarani. Sina la kuongeza hapo.

Kupeleka msikitini

Hili ndilo chaguo la wengi, na linaweza kuwa bora kuliko yote au baya kuliko yote. Inategemea kama uliuliza. Misikiti mingine ina sanduku maalumu na siku ya kuchoma au kuzika kwa pamoja. Mingine haina chochote, na mfuko wako utakaa chini ya ngazi penye ndala na ndoo za udhu, pabaya kuliko juu ya kabati lako. Usiuache mlangoni Ijumaa ukakimbia matatu. Nenda siku ya kawaida baada ya Alasiri, umtafute imamu au mwadhini, umsalimie, umwambie: "Ustadh, nina kurasa za Qurani zilizochakaa. Nyinyi mnazisitiri vipi, na lini?" Akikujibu kwa njia na siku, mpe, na umpe na kitu cha bafta au cha usafiri wa kwenda makaburini. Akisema "weka tu hapo," shukuru na uondoke nazo.

Watu wa mtaa mmoja mkiungana, kazi inakuwa nyepesi. Madrasa yenye magunia manne ya juzuu haiwezi kufikicha rojo. Inahitaji pipa, vijana watatu na asubuhi nzima, au pembe ya makaburi. Hapo naipendelea kuchoma kisha kuzika majivu, kwa sababu shimo linakuwa dogo na hata likifukuliwa siku moja hakuna kitakachosomeka. Hanafi akisita kuhusu moto, asilazimishwe. Sehemu yake izikwe.

Kwa hiyo: mwenye ardhi ya familia azike. Mwenye chumba kimoja na karatasi chache atumie ndoo. Mwenye msahafu mzima na hana ua aende msikiti unaojibu maswali. Moto wa peke yako nyuma ya ploti ndiyo njia ninayoikataa moja kwa moja, ingawa ina dalili, kwa sababu huwezi kuumiliki mwisho wake wala macho ya watu.

Kuweka juu ya kabati si dhambi, mradi pawe juu na pasafi. Mwaka 1972, waliokuwa wakitengeneza paa la Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, walikuta maelfu ya vipande vya misahafu ya kale vilivyokuwa vimehifadhiwa humo, na leo wataalamu wanavisoma kujua jinsi Qurani ilivyoandikwa karne za mwanzo. Lakini paa la msikiti halihami. Mpangaji wa Nairobi huhama, na mizigo ikipakiwa mkokoteni hakuna anayekumbuka ule mfuko mwekundu una nini.

Picha, simu na kadi

Picha ya Kaaba haina hukumu ya msahafu. Mswala wenye picha hiyo ukichakaa unafuliwa na kutumiwa kwingine, ingawa moyo wangu haukubali uwe wa kupangusia miguu mlangoni. Fremu ya Ayatul Kursi ni jambo jingine: kioo na mbao vina kazi nyingine, karatasi ya ndani inasitiriwa kama ukurasa wa msahafu. Kalenda kata ile sehemu yenye aya, iliyobaki ni karatasi tu. Simu iliyokufa ikiwa na programu ya Qurani si msahafu kwa kauli ya wanazuoni wengi wa leo. Ipeleke kwa fundi bila wasiwasi. Kaseti na sidii vivyo hivyo, ila soma lebo, mara nyingi imeandikwa Bismillahi.

Kadi za harusi ndizo zinazonikera zaidi. Mia tatu zinachapishwa, kila moja na aya ya 21 ya Surat Rum kwa dhahabu, na Jumapili jioni nusu yake ziko chini ya viti vya ukumbi pamoja na vifuniko vya soda. Mchapishaji hatakuuliza. Mwambie aandike majina, siku na ukumbi, na aya hiyo aisome sheikh kwenye nikaha.